Kijana na Leseni Yake ya Kwanza

Katika hati zote ambazo kijana wa leo huzitafuta mara atimizapo miaka 18, hapana inayompa fahari kama leseni ya udereva. Kitambulisho cha Taifa hukipokea kwa sababu ametakiwa kukipokea. Cheti cha shule hukitia katika mfuko wa nailoni, kikalazwa chini ya godoro la mama yake. Lakini leseni huitia mfukoni, akaitoa mara tatu kwa siku kuitazama picha yake, hata kama hana gari wala tumaini la kulipata karibuni. Sisi hatuoni ubaya katika fahari hiyo. Tunalotaka kulizungumza leo ni njia inayomfikisha huko, kwa kuwa katika mikoa yetu hii ya Ziwa wamo vijana wengi mno waliokwisha kushika usukani, au mpini wa pikipiki, kabla ya kuipita njia hiyo; na wamo wengine walioipita kwa miguu ya watu wengine.

Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo imerekebishwa mara kadhaa lakini ingali ndiyo mama wa yote haya, inamkataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani pasipo kuwa na leseni inayohusu aina ya chombo hicho. Inamkataza pia mwenye chombo kumkabidhi mtu asiye na leseni. Sehemu hii ya pili husahauliwa kwa makusudi. Mwenye pikipiki anayempa kijana chombo alfajiri, akamsubiri jioni kwa hesabu ya siku, humwuliza habari za mafuta, habari za pancha, na zaidi ya yote habari za hesabu. Ni wangapi waliowahi kumwuliza habari za leseni? Na mzazi anayemwachia mwanawe wa kidato cha tatu ufunguo wa gari ati aende hapo dukani tu, naye yumo katika kundi lilo hilo, hata kama duka lenyewe ni la tatu kutoka nyumbani.

Tuieleze njia yenyewe, maana wapo wanaoiogopa kwa kutoijua. Anayeanza huchukua kwanza leseni ya kujifunzia, ambayo katika mpangilio wetu ni daraja H. Leseni hiyo haimpi ruhusa ya kuendesha peke yake. Humpa ruhusa ya kukosea mbele ya mwalimu, ndani ya gari lililobandikwa herufi L ili wenzake barabarani wamwogope na kumhurumia kwa wakati mmoja. Hujiunga na chuo cha udereva, kiwe cha VETA, au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam, au shule ya mtu binafsi iliyosajiliwa. Akihitimu hupewa cheti, na cheti hicho hukipeleka kwa Polisi wa Usalama Barabarani, ambao humtahini wao wenyewe. Akifaulu, Polisi humpa hati ya kuthibitisha umahiri wake. Hapo ndipo huenda Mamlaka ya Mapato akiwa na namba yake ya mlipakodi, ambayo nayo haipatikani pasipo namba ya Kitambulisho cha Taifa. Hupigwa picha, hutoa alama za vidole na saini, hulipa ada, akaisubiri kadi yake.

Wapo waulizao kwa nini mtu anayetaka kuendesha gari apelekwe kwa watoza kodi. Jibu ni kwamba leseni yetu ina wazazi wawili. Polisi ndio wanaothibitisha kwamba mtu huyu anaweza. Mapato ndio wanaotunza kumbukumbu, wanaopokea ada na wanaotoa kadi. Utaratibu wa kadi hizi za kisasa ulianza mwaka 2010. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi miaka 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi shilingi 70,000. Malalamiko yalikuwa mengi wakati ule, ingawa mwenye kupiga hesabu ataona kwamba kwa mwaka mmoja mmoja tofauti ilikuwa ni mia chache tu. Gharama inayomshinda kijana maskini haiko hapo. Iko katika karo ya chuo, katika nauli ya kwenda na kurudi, katika siku za kazi zinazopotea, na katika ile safari ya tatu ya kuja mjini kwa sababu jina lake katika kitambulisho limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lile la kwenye cheti.

Jambo jingine lisiloeleweka sawasawa ni madaraja. Vijana wengi hudhani leseni ni leseni, kama vile mtu adhanivyo kwamba dawa ni dawa. Herufi zilizo nyuma ya kadi zina maana, na kila moja ina mipaka yake. A na ndugu zake ni za pikipiki na bajaji. B na D ni za magari ya kawaida yasiyobeba abiria wa kulipa. C imegawanywa kwa idadi ya abiria, kuanzia gari dogo la watu wachache hadi basi la abiria 30 na kuzidi, wala hapewi mtu anayeanza. E ni ya magari makubwa ya mizigo. F na G ni za matrekta na mitambo ya mashambani na migodini, jambo ambalo jirani zetu wa Geita wanalijua vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo kijana mwenye daraja D anayekaa kwenye usukani wa daladala, mbele ya sheria, ni sawa na mtu asiye na leseni kabisa. Huo ndio ukweli, hata kama anaendesha vizuri, na hata kama konda wake anamwita fundi.

Tunasema anaendesha vizuri, na hapa hatuna budi kuwatendea haki wale waliojifunza kwa njia ya zamani. Wazee wetu wengi walioendesha malori ya pamba na ya magunia hawakuanzia chuoni. Walianzia juu ya mizigo. Kijana aliingia kazini kuwa utingo. Alipakia na kupakua, alilala chini ya gari, aliweka jiwe nyuma ya tairi gari liliposimama mlimani, alikwenda kutafuta maji ya rejeta kwa debe usiku wa manane. Baada ya miaka miwili dereva alimruhusu kuliosha gari. Baada ya mwaka mwingine alimruhusu kuliwasha, na siku moja, wakiwa uwanjani na tajiri hayupo, alimruhusu kulisogeza hatua kumi mbele na hatua kumi nyuma. Usiku ule hakulala. Kufikia siku ya kupimwa na Polisi alikuwa amekwisha kulijua gari kama mchungaji amjuavyo ng'ombe wake: alijua kwa mlio kwamba gia haijaingia, alijua kwa harufu kwamba klachi inaungua, alijua kwa mtikisiko wa sakafu kwamba karanga za tairi zimelegea.

Elimu ile ilikuwa ya kweli, nasi hatuwezi kuidharau. Lakini ilikuwa na pengo kubwa. Utingo alijifunza gari, barabara hakufundishwa. Alirithi ujuzi wa dereva wake na alirithi pia makosa yake yote, ikiwa ni pamoja na kulipita gari jingine mlimani kwa kutegemea honi, na kuamini kwamba aliye mkubwa ndiye mwenye haki ya kupita. Magari yalipokuwa machache, makosa hayo yalisameheka. Leo, jioni, pale Buhongwa au Igoma, ambapo daladala, bajaji, pikipiki, mikokoteni, wanafunzi na akina mama wenye beseni za dagaa vichwani wote wanataka kupita mahali pamoja, hayasameheki hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba kwa watu wenye umri wa kati ya miaka 5 na 29 hakuna sababu ya kifo inayoizidi hiyo. Umri huo ndio wa abiria wa bodaboda, ndio wa dereva wake, na ndio wa mtoto anayevuka kwenda shule.

Chuo basi kinatakiwa kumfundisha nini kijana ambacho utingo hakufundishwa? Kwanza, hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, hula karibu mita 14 kila sekunde. Linalokwenda kilomita 80 hula mita 22. Dereva anapomwona mtoto akikimbilia mpira barabarani, sekunde nzima au zaidi yaweza kupita kabla mguu wake haujaifikia breki, na katika sekunde hiyo gari halijui lolote, linaendelea tu. Kisha, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ikanyagwe haungezeki mara mbili bali mara nne. Utingo aliyajua mambo haya mwilini baada ya kuponea chupuchupu mara kadhaa. Mwanafunzi anaweza kuyajua akiwa amekaa kwenye dawati, na bei yake ni ndogo zaidi.

Pili, lugha ya alama. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza, pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya. Alama ya kusimama ina pembe nane, na haikupewa umbo hilo kwa ajili ya urembo: imefanywa hivyo ili dereva aitambue hata ikiwa imejaa vumbi, na hata akiiona kwa nyuma. Wengi huyakariri haya siku mbili kabla ya mtihani, wakayasahau siku mbili baadaye. Nchini Kenya mwanafunzi husimamishwa mbele ya ubao wenye mji wa mfano, akapewa kigari kidogo cha kuchezea, akatakiwa kukitoa mahali fulani mpaka mahali fulani huku akieleza kila analolifanya na sababu yake. Watu hulicheka zoezi lile, mtu mzima na kigari mkononi. Sisi hatulicheki, maana asiyeweza kukipitisha kigari cha kuchezea kwenye kipilefti cha rangi hatakipitisha cha kweli chenye basi la abiria ubavuni.

Tatu, macho. Kule Uingereza mtahiniwa husomeshwa namba ya gari lililo umbali wa mita 20 kabla hata hajawasha injini, na akishindwa, mtihani umekwisha. Hapa petu kijana aweza kumaliza shule ya msingi na ya sekondari akikaa dawati la mbele, pasipo yeye wala mzazi wake kujiuliza kwa nini alipenda dawati lile. Kila anayekusudia kuanza mafunzo apite kwanza kwa mganga wa macho. Miwani si aibu. Ajabu ni kuona watu wanaonunua miwani ya jua ya kuendeshea gari na kuona haya kununua ya kusomea kibao.

Sasa tuje kwenye jambo linalouma. Wapo watu, wananchi huwaita vishoka, ambao husimama karibu na mahali panapotolewa huduma wakimwambia kijana kwamba hana haja ya kuhangaika. Atoe kiasi fulani, cheti kitapatikana, mtihani utapitwa, na kadi ataipokea. Kijana aliyekwisha kuhesabu karo na nauli huona ameokoa fedha. Hajaokoa kitu. Amenunua picha yake mwenyewe kwa bei ya juu. Siku ya ajali maswali yatakuja kwa mpangilio: ulisoma wapi, nani alikufundisha, nani alikutahini? Na mikataba ya bima huweka sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali. Pasipo hiyo, mwenye chombo aweza kujikuta yeye na nyumba yake ndio bima. Ofisa yeyote anayeshirikiana na kishoka huyo anastahili kufukuzwa kazi na kushitakiwa, na kwa hili hatuna maneno ya kulainisha.

Hata hivyo, tukiwalaumu vijana peke yao tutakuwa tumechukua njia nyepesi. Tuchukue mfano wa bodaboda. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Uamuzi ule ulikuwa wa huruma na tuliuona kuwa wa haki, kwa sababu faini ya 30,000 ilikuwa ikimnyang'anya kijana mapato ya siku kadhaa kwa kosa moja. Lakini vijana wetu ni wepesi wa hesabu. Wengine wamekaa kijiweni wakalinganisha: chuo kitanila karo na majuma ya kazi, faini ni elfu kumi, na pengine wiki nzima sitakamatwa. Ukiitazama kwa macho ya mfuko, hesabu hiyo haina kosa. Basi ikiwa faini imepunguzwa, hapana budi gharama ya kujifunza nayo ipunguzwe, la sivyo tutakuwa tumemfanyia nafuu asiyejifunza na kumwacha anayejifunza na mzigo wake ule ule.

Historia inatufundisha kwamba tatizo hili si letu pekee. Karl Benz, Mjerumani aliyeunda gari lake la petroli, alihitaji mwaka 1888 barua ya ruhusa ya wakuu wa nchi yake ili aweze kuliendesha barabarani, kwa kuwa majirani walilalamikia kelele na harufu. Uingereza ilianza kutoza leseni za udereva mwaka 1904, lakini mtihani wa lazima haukuja mpaka mwaka 1935. Katika miaka yote ile 30 aliyelipa ada aliendesha. Na mtihani ulipokuja, wale waliokuwa wameanza kuendesha kabla ya Aprili 1934 walisamehewa, wakaendelea mpaka uzee wao pasipo kupimwa na mtu yeyote.

Nasi tulikutwa na hali inayofanana na hiyo. Kanuni za kuzitambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria zilitoka mwaka 2010, wakati bodaboda zilikuwa zimekwisha kujaa katika kila njia panda kutoka Sirari hadi Biharamulo. Sheria ilipofika iliwakuta watu wamo kazini. Uingereza iliwasamehe wa kwake. Sisi hatuwezi kuwasamehe wa kwetu, maana kila siku abiria wapya wanapanda nyuma yao, mama na mtoto mgongoni na mfuko wa mchele mapajani. Lakini pia hatuwezi kuwatendea kana kwamba wote ni wahalifu. Mtu aliyeendesha pikipiki miaka 6 hahitaji kuonyeshwa gia iko wapi. Anahitaji siku chache za alama, za sheria, za huduma ya kwanza, na za kuelezwa kwa nini abiria wawili kwenye pikipiki moja hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi. Kisha apimwe kwa haki, na akishindwa aambiwe ameshindwa wapi.

Neno moja kwa watahini. Mtihani unaofanyika katika uwanja ulio sawa, kwa kuzunguka mapipa manne, humpima mwanafunzi katika jambo ambalo hatakutana nalo tena maishani. Mji wa Mwanza umejengwa juu ya miamba. Mtahiniwa apandishwe mlima wa Bugando, asimamishwe katikati, kisha aambiwe aondoke pasipo gari kurudi nyuma hata shubiri moja. Apelekwe Kenyatta saa ambazo watu wametoka kazini. Aendeshe jioni, taa za wengine zikimjia machoni. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, ule msururu wa kivuko uliomlazimisha dereva kushuka, kunyoosha miguu na kunywa chai haupo tena. Mtu anatoka Mwanza anaunganisha hadi Geita pasipo kusimama. Ni neema kubwa, ila uchovu ambao zamani ulipumzishwa na kivuko sasa unategemea akili ya dereva mwenyewe, na hilo nalo lifundishwe.

Na neno la mwisho ni kwa wakubwa wa mikoa na wilaya. Kijana wa Ukerewe au wa Kwimba anayefunga safari kwa ajili ya hatua hii, akarudi, akafunga tena kwa ajili ya hatua ile, hupoteza katika nauli na malazi fedha ambazo zingelipia karo. Kama mafunzo na mtihani vingeweza kumfuata aliko, mfano wa kliniki za watoto zinavyowafuata akina mama vijijini, wengi wangejitokeza wenyewe. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji gari moja lenye herufi L mbele na nyuma, pikipiki mbili, mkufunzi, askari wa kutahini na ofisa wa Mapato mwenye kamera yake, wakae Nansio siku tatu kila mwezi, Ngudu siku tatu, na tarehe zibandikwe mapema kwenye mbao za matangazo za kata na kwenye vijiwe vya bodaboda. Tungependa kusikia kutoka kwa wahusika ni wilaya ipi itakayoanza, na lini.